Jehanamu katika Dini Mbalimbali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sensa ya Uganda ya mwaka 2014 ilionyesha Wakatoliki asilimia 39.3, Waanglikana 32, Waislamu 13.7, Wapentekoste 11.1 na Wasabato 1.7. Ukoo mmoja unaweza kuwa na hao wote, na siku ya mazishi ndipo hoja ya jehanamu huzuka. Mara nyingi wanaobishana hawajibu swali moja. Mmoja anazungumzia marehemu yuko wapi sasa, mwingine hukumu ya siku ya mwisho, wa tatu adhabu itadumu muda gani. Tumeyatenganisha maswali hayo matatu popote ilipowezekana.

MAMBO YA MWANZO

1. Je, kila dini ina jehanamu?

Hapana. Ukristo, Uislamu, Uhindu na Ubudha zote zinafundisha adhabu baada ya kifo, ila kwa Wahindu na Wabudha adhabu hiyo ina mwisho (swali la 11). Wayahudi wengi huihesabu kwa miezi. Wabahai hawaioni kuwa ni mahali. Dini za jadi za makabila mengi ya Uganda hazikuwa na moto wa waovu hata kidogo. Hofu yao ilikuwa kwingine (swali la 13).

2. Kuzimu na jehanamu ni kitu kimoja?

Katika Biblia, hapana, na ukivichanganya hutaelewa hoja ya mtu yeyote. Kuzimu ni makao ya wafu kwa jumla. Yakobo alipodhani Yusufu ameraruliwa na mnyama, alisema atamshukia mwanawe huko kwa kilio, na hakuna anayedai Yusufu alikuwa mwovu. Jehanamu ndiyo Yesu anayoitaja kama adhabu, mathalani Mathayo 10:28 na Marko 9:43-48. Mwisho wa Ufunuo sura ya 20, kuzimu yenyewe inatupwa katika ziwa la moto. Kama vingekuwa kitu kimoja, aya hiyo isingekuwa na maana.

Jina jehanamu limetoka Bonde la Hinomu, kusini mwa Yerusalemu ya kale. Yeremia 7:31 inasema watu waliwachoma watoto wao huko, na mfalme Yosia akapatia unajisi mahali pale pasitumike tena (2 Wafalme 23:10). Wahubiri wengi huongeza kwamba wakati wa Yesu bonde lilikuwa jalala la jiji lenye moto usiozimika. Maelezo hayo yanavutia, lakini maandishi ya kwanza yanayoyataja ni ya karibu mwaka 1200 baada ya Kristo, na wachimbaji wa mambo ya kale hawajapata dalili za jalala la namna hiyo. Yeremia anatosha kueleza kwa nini jina lile lilitisha.

3. Shetani ndiye mwenye jehanamu?

Si kwa Biblia wala kwa Kurani. Mathayo 25:41 inasema moto umewekwa tayari kwa ajili ya Ibilisi na malaika zake, na Ufunuo 20:10 inamtupa humo kama mfungwa. Katika Kurani mlinzi mkuu wa Jahannam ni malaika Malik (43:77), walinzi ni kumi na tisa (74:30), na Shetani anasimama mbele ya waliomfuata akiwaambia wajilaumu wenyewe (14:22). Picha ya mwenye pembe na uma anayechochea kuni ilitoka kwa wachoraji.

4. Mtu akifa leo, anaingia motoni leo leo?

Hapa ndipo majibu yanapoachana zaidi:

Wakatoliki wanasema roho huhukumiwa papo hapo, kisha mwili nao utafufuliwa siku ya mwisho. Walokole na Waanglikana wengi wanakubaliana nao kuhusu hukumu ya papo hapo, bila toharani (swali la 6).

Wasabato na Mashahidi wa Yehova wanasema marehemu hajui lolote. Wanasoma Mhubiri 9:5. Kwao hakuna mtu aliye motoni wakati huu.

Waislamu wanafundisha barzakh, kipindi cha kati ya kifo na ufufuo (Kurani 23:100). Maiti huulizwa kaburini na malaika Munkar na Nakir, na kaburi huwa la raha au la adhabu. Jahannam yenyewe huingiwa baada ya hesabu ya Kiyama. Kwa hiyo Mwislamu akisema fulani "anaadhibiwa sasa", anazungumzia kaburi.

KATI YA WAKRISTO

5. Msabato na mlokole wanasoma Biblia moja. Kwa nini mmoja anasema moto ni wa milele na mwingine anasema utakwisha?

Kwa sababu kila mmoja anaanzia aya tofauti, kisha anazisoma nyingine zote kwa miwani ya ile ya kwanza.

Mlokole anaanzia Mathayo 25:46, ambapo waovu wanakwenda katika adhabu ya milele na wenye haki katika uzima wa milele. Hoja yake ni nzito: neno ni lilelile katika sentensi ileile, hivyo ukiufupisha moto lazima uufupishe na uzima. Anaongeza Ufunuo 14:11, moshi wa maumivu yao unaopanda hata milele na milele, na habari ya tajiri na Lazaro katika Luka 16, ambapo tajiri anazungumza akiwa katika mateso.

Msabato anaanzia Malaki 4:1-3, ambapo waovu wanakuwa makapi na kisha majivu chini ya nyayo. Anataja Yuda 7: Sodoma iliteketezwa kwa moto wa milele, lakini Sodoma haiwaki leo. Kwake kilicho cha milele ni matokeo ya moto. Mathayo 10:28 inasema Mungu anaweza kuangamiza mwili na roho pia, naye anauliza kilichoangamizwa kinaendeleaje kuumia. Luka 16 anaisoma kama mfano.

Mpangilio wa Kisabato ni huu: Kristo anarudi, wenye haki wanapanda naye mbinguni kwa miaka 1,000, dunia inabaki tupu, kisha waovu wanafufuliwa, wanahukumiwa na kuteketea kabisa pamoja na Shetani. Moto upo, na unauma. Usimwambie Msabato kwamba haamini moto. Atakufungulia Malaki hapo hapo.

Wanaojadili vizuri hukubaliana kwanza juu ya jambo moja: Je, roho ya binadamu haifi kwa asili yake, au kutokufa ni zawadi ya waliookoka peke yao? Ukilijibu hilo, aya karibu zote zinajipanga zenyewe upande mmoja. Mkiliruka, mtarushiana aya mpaka usiku.

6. Toharani ni jehanamu ndogo?

Si hivyo. Anayeingia toharani ameshaokoka. Anatakaswa kabla ya kumwona Mungu, na hakuna anayetoka humo kwenda jehanamu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaieleza katika namba 1030 hadi 1032, na jehanamu katika namba 1033 hadi 1037. Namba 1035 inasema adhabu kuu ya jehanamu ni kutengwa na Mungu milele. Papa Yohane Paulo wa Pili, tarehe 28 Julai 1999, alieleza kwamba jehanamu ni hali ya aliyejitenga na Mungu kwa hiari yake kuliko kuwa mahali fulani. Baadhi ya watu walidhani anaifuta. Hakuifuta.

Kanisa Katoliki limewatangaza watakatifu wengi, lakini halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko jehanamu.

Waanglikana wana Kanuni 39 za imani, na ya 22 inaikataa toharani. Waorthodoksi, ambao makao yao hapa yako Namungoona, wanawaombea wafu lakini hawafundishi toharani kwa mtindo wa Kilatini. Baadhi ya walimu wao wa kale walisema moto ni upendo wa Mungu wenyewe: anayeupenda anauona nuru, anayeuchukia unamuunguza.

7. Kila Jumapili tunakiri kwamba Yesu "alishukia kuzimu". Alikwenda kuteswa?

Hapana. Ni kuzimu ya swali la 2, makao ya wafu. Mafundisho ya zamani, yakitegemea 1 Petro 3:19, ni kwamba alikwenda kama mshindi kuwatangazia waliokuwa wakingoja.

8. Mashahidi wa Yehova wanaamini nini hasa?

Kuzimu kwao ni kaburi la wanadamu wote. Jehanamu ni mfano wa kuangamia kusiko na ufufuo. Wanatofautiana na Wasabato kwa kuwa wanatarajia wengi wasio waadilifu watafufuliwa duniani na kupewa nafasi ya kujifunza (Matendo 24:15).

UISLAMU

9. Jahannam ina nini ndani yake?

Kurani inaieleza kwa kina kuliko Biblia. Ina milango saba (15:44). Chakula ni mti wa zaqqum, ambao mashina yake yanatoka katikati ya moto na matunda yake ni kama vichwa vya mashetani (37:62-68), pamoja na miba isiyonenepesha wala kuondoa njaa (88:6-7). Kinywaji ni maji yachemkayo yanayokata matumbo (47:15). Ngozi zikiiva hubadilishwa nyingine ili adhabu ionjwe (4:56). Wanafiki wako tabaka ya chini kabisa (4:145), chini ya makafiri, jambo linalowashangaza wengi.

Utasikia darsani orodha ya tabaka saba kwa majina: Jahannam, Ladha, Hutama, Sair, Saqar, Jahim, Hawiya. Majina yote yamo katika Kurani, lakini hakuna aya inayoyapanga kama ghorofa za nyumba. Mpangilio huo ni wa wanazuoni, nao hawakuafikiana nani anakaa wapi. Anayekutajia kwamba kabila au dini fulani iko tabaka ya tatu anategemea mpangilio huo.

Hadithi zinaongeza vipimo. Moto wa dunia ni sehemu moja kati ya sabini za moto ule. Mwenye adhabu nyepesi kuliko wote anawekewa makaa chini ya nyayo, na ubongo unachemka. Watu wote watavuka Sirati, daraja juu ya Jahannam, linaloelezwa kuwa jembamba kuliko unywele na kali kuliko upanga. Mwendo wa kila mtu ni kwa kadiri ya amali zake: wengine kama umeme, wengine kama farasi, wengine wakitambaa.

10. Mwislamu mwenye dhambi kubwa atakaa humo milele?

Kwa Sunni, ambao ndio Waislamu walio wengi Uganda, hapana. Aliyekufa na imani hata ya uzito wa chembe atatolewa, kwa rehema ya Mungu au kwa shufaa (maombezi), baada ya kuadhibiwa kadiri Mungu apendavyo. Na Mungu anaweza kumsamehe asiingie kabisa. Ibadhi, wanaopatikana zaidi Oman na Zanzibar, wanashikilia kwamba aliyekufa bila kutubu dhambi kubwa hatoki.

Kuhusu makafiri, kauli ya wanazuoni wengi ni kwamba moto hauna mwisho. Hata hivyo Kurani 11:107 inaongeza maneno "ila apendavyo Mola wako", na Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa karne ya 14, aliandika kwa kirefu juu ya uwezekano wa moto kumalizika. Wafuasi wa kundi la Ahmadiyya nao hufundisha kwamba Jahannam ni ya kutibu na ina kikomo.

DINI NYINGINE ZILIZOPO UGANDA

11. Wahindu na Wabudha wanaamini kuzaliwa upya. Jehanamu ya nini tena?

Ni kituo cha njiani. Kwa Wahindu, Yama ndiye hakimu wa wafu na Chitragupta ndiye karani wake wa daftari la matendo. Kitabu chao Bhagavata Purana kinataja naraka (jehanamu) 28, kila moja na kosa lake: Tamisra ni ya aliyenyang'anya mali, mke au watoto wa mwingine, Kumbhipaka ni ya aliyepika wanyama na ndege wakiwa hai, naye hupikwa katika mafuta yachemkayo. Deni likiisha, roho huzaliwa tena.

Wabudha wana jehanamu nane za moto na nane za baridi. Ya chini kabisa ni Avici, kwa aliyemuua mama, baba au mtakatifu aliyekamilika, aliyemwaga damu ya Budha, au aliyevunja umoja wa watawa. Hakuna hakimu anayetoa hukumu kwa hasira; ni tendo linalozaa matokeo. Muda wake ni mrefu kupita hesabu za kawaida, lakini unaisha.

12. Na Abayudaya wa Mbale?

Jumuiya hiyo ya Kiyahudi, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, inafuata mapokeo ya Kiyahudi yanayosema hukumu ya waovu katika Gehinomu ni miezi 12. Ndiyo sababu, kwa desturi, mtoto anamsomea mzazi wake sala ya Kadishi kwa miezi 11 tu. Akifikisha 12 ataonekana anakiri kwamba mzazi alikuwa mwovu wa kuhitaji muda wote.

Wabahai, wenye hekalu lao mlima Kikaya lililofunguliwa mwaka 1961, wanaita jehanamu umbali wa roho na Mungu, ambao huweza kuanza mtu akiwa hai.

13. Wazee wetu kabla ya wamisionari na Waarabu walihofia nini?

Walihofia kifo na wafu wenyewe zaidi ya hukumu. Kwa Baganda, kifo ni Walumbe, kaka yake Nambi, mke wa Kintu, mtu wa kwanza. Nambi aliposhuka duniani na Kintu, alirudi kuchukua ulezi wa kuku wake, na Walumbe akamfuata. Alipoanza kuwaua watoto wao, kaka mwingine, Kayikuuzi, alitumwa kumrudisha mbinguni. Watu waliambiwa wakae kimya. Watoto wakapiga kelele, Walumbe akatoroka chini ya ardhi huko Ttanda, na mashimo ya huko yanaonyeshwa hadi leo. Anayeishi chini hapa ni Kifo, na anamchukua mwema na mwovu sawasawa.

Marehemu alikuwa mzimu anayebaki karibu na ukoo. Aliyeishi vibaya aliadhibiwa hapa hapa: ugonjwa, utasa, ukame, kutengwa. Ndiyo maana mzee asiyekwenda kanisani wala msikitini atahangaika zaidi ikiwa lumbe (sherehe ya kumalizia msiba) haijafanywa na mrithi hajavikwa kuliko akitishiwa moto.

MASWALI MAGUMU

14. Mtoto mchanga aliyekufa kabla ya kubatizwa yuko wapi?

Kanisa Katoliki linamkabidhi kwa huruma ya Mungu (Katekisimu, namba 1261). Limbo, yaani mahali pa kando pa watoto hao, ilikuwa maelezo ya wanateolojia, haikuwa fundisho la lazima, na mwaka 2007 tume ya kimataifa ya teolojia ilieleza sababu za kutumaini kwamba watoto hao wanaokoka. Kuna ibada ya mazishi kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Mwambieni padri mapema. Makanisa ya walokole kwa kawaida hufundisha kwamba mtoto asiyefikia umri wa kujua mema na mabaya ni wa Mungu.

Katika Uislamu kalamu haiandiki dhambi za mtoto mpaka abalehe. Mtoto wa Waislamu ni wa peponi, na hadithi inamwonyesha Nabii Ibrahimu akiwa na watoto bustanini.

15. Aliyejiua anakwenda jehanamu moja kwa moja?

Dini hizi zinakihesabu kitendo hicho kuwa dhambi kubwa, lakini hazimhukumu mtu kwa jina. Katekisimu, namba 2282 na 2283, inasema ugonjwa wa akili, hofu kubwa au mateso hupunguza lawama, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Anaruhusiwa kuzikwa kwa ibada. Katika Uislamu, Mtume hakumswalia yeye mwenyewe mtu wa namna hiyo, ila wanazuoni wengi wanasema Waislamu wengine wamswalie. Imamu mkubwa anaweza kujizuia iwe onyo. Hatoki katika Uislamu, na la swali la 10 linamhusu.

Kama anayeuliza ni mtu anayewaza kujiua, asiachwe peke yake. Akae na mtu anayemwamini, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ni Butabika, Kampala.

16. Baba yangu alikufa katika dini nyingine. Naweza kumwombea?

Inategemea dini yako wewe, si yake.

Mkatoliki: ndiyo, unaweza hata kutoa nia ya misa. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, anayezuru makaburi na kuwaombea wafu anaweza kuwapatia rehema kamili (kuondolewa adhabu ya toharani), akiwa ameungama, amepokea komunyo, amesali kwa nia za Papa na hana mapenzi kwa dhambi yoyote.

Mlokole au Msabato: kwa kawaida hapana. Mnawaombea wafiwa.

Mwislamu: hairuhusiwi kumwombea msamaha aliyekufa katika ushirikina (Kurani 9:113). Kuhudhuria mazishi na kuwahani ndugu ni jambo jingine. Muulize sheikh wako kuhusu mipaka. Ikiwa baba ndiye Mwislamu na wewe pia, hadithi inataja yanayoendelea kumfaa: sadaka yenye kudumu, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Kisima cha maji kijijini kinahesabiwa katika la kwanza.

Kosa linaloharibu mazishi ya familia mchanganyiko ni kumpa mhubiri mgeni kipaza sauti bila kumweleza nani amelala pale. Aambiwe kabla, na apewe dakika.

17. Mhubiri anasema amepelekwa jehanamu akarudi, ametaja tarehe ya mwisho na anataka tuuze mali. Tufanyeje?

Msiuze. Marko 13:32 inasema siku hiyo hakuna aijuaye, na Kurani 7:187 inasema elimu yake iko kwa Mungu peke yake. Kwa hiyo tarehe inapingana na kitabu cha mhubiri mwenyewe, awe wa upande gani. Kule Kanungu wafuasi wa kundi lililohubiri mwisho wa dunia waliuza vitu vyao, tarehe ikapita, na tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo lililofungwa. Baadaye maiti nyingine zilichimbuliwa katika nyumba za kundi hilo.

Dalili huja kwa mfuatano: kukatazwa kuongea na ndugu, watoto kutolewa shule, mali kukabidhiwa viongozi, kisha tarehe. Ukiona ya kwanza na ya tatu, usingoje ya nne. Mjulishe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na polisi.

18. Ile sauti ya watu wakilia jehanamu iliyorekodiwa Urusi ni ya kweli?

Ni uzushi, na unarudi WhatsApp kila baada ya muda. Shimo refu ambamo sauti hiyo inadaiwa kurekodiwa lipo: liko rasi ya Kola, kaskazini magharibi mwa Urusi, wala si Siberia kama ujumbe unavyodai. Uchimbaji ulianza mwaka 1970 na kufikia mita 12,262 mwaka 1989. Joto la chini lilikuwa nyuzi 180 za Selsiasi, wakati wahandisi walitarajia karibu 100, na mwamba ukawa laini mno kuendelea kuchimbika. Uzushi unataja kilomita 14.4 na nyuzi 1,100. Kwa joto hilo kipaza sauti kingeyeyuka kabla ya kurekodi chochote. Sauti yenyewe ilitengenezwa kutoka filamu ya kutisha ya mwaka 1972.